Bwana Robens na mulima wa Aberfan

Kila mutoto mwenye kukomalia mu muji wa migodi anajua mulima moja wenye Mungu hakuumba: ule wa takataka zenye mugodi unatapika. Watu wa Lubumbashi wanauita terili. Yao ni ya mabaki ya shaba, yaliyeyushwa mu moto, kisha yakapoa na kuwa magumu sawa jiwe. Lakini terili zote hazifanane. Iko ingine yenye ni laini, ya mawe ya kuvunjika, vumbi, na matope yenye kubaki wakati wanasafisha makaa. Ile inaweza kukaa kimya miaka munane, kisha siku moja inatembea.

Baba, mama, na ninyi vijana, leo tunataka kuwaelezea habari ya mutu moja wa Uingereza, jina lake Alfred Robens. Alianza kazi akiwa mutoto wa kutumwa-tumwa, akakuwa mukubwa wa makaa yote ya inchi ile, na kisha akaongoza komisyo yenye shauri lake lilizaa sheria ya kulinda watumikaji wa Uingereza mupaka leo. Katikati ya ile kupanda kwake na ile sheria kuna terili moja, na chini ya terili kuna masomo ya watoto. Wenye kumusifu Robens wanapenda kupita pale haraka. Wenye kumukasirikia hawataki kutoka pale. Sisi tutaenda pole pole.

Kijana wa Manchester

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1910 mu Manchester, muji wa pamba, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa anauzisha pamba. Akiwa na miaka 15 aliacha masomo akaingia kazi ya kupeleka vifurushi na ujumbe. Kisha akapata nafasi ya karani katika koperative kubwa ya Manchester na Salford. Koperative haikukuwa duka ya tajiri moja. Wanunuzi wenyewe njo walikuwa wenye duka, na faida iligawanywa kati yao. Robens alipofikisha miaka 22 aliingia mu baraza la wakubwa wa ile koperative, akikuwa mumoja wa watumikaji wa kwanza katika inchi nzima kukaa ku meza ya madirekteri.

Vijana, muangalie vizuri pale. Wengine wanajifunza ubwana kwa kuuriti. Yeye aliujifunza akiwa na mushahara wa karani mu mufuko.

Kuanzia 1935 aliacha duka akawa mutumishi wa sendika ya watumikaji wa maduka, miaka kumi. Wakati wa vita ya pili ya dunia waganga walimupima wakaona mwili wake haufai kwa jeshi, kwa hiyo alibaki Manchester, na akachaguliwa mu baraza la muji. Mu 1945, wakati chama cha Labour kilishinda kwa nguvu, alichaguliwa kuwa depite wa Wansbeck, na tangu 1950 wa Blyth, kule Northumberland. Ni inchi ya makaa. Watu wenye kumupigia kura walikuwa wachimbaji na bibi zao.

Mu 1951 alikuwa waziri wa kazi, lakini miezi sita tu, sababu mu mwezi wa 10 Labour ilianguka. Ikakaa inje ya serikali miaka 13. Robens alikuwa kati ya wakubwa wa chama. Siku zile watu walikuwa wanataja jina lake wakati walihesabu nani angeweza kuongoza inchi siku moja.

Halafu mu 1960, Harold Macmillan, Waziri wa Kwanza, mutu wa chama kingine kabisa, akamuita: kuja uongoze makaa. Robens akakubali, akaacha kiti chake cha udepite. Walimupa heshima ya kukaa mu baraza la mabwana, na kuanzia pale wakamuita Lord Robens. Mu mwezi wa kwanza wa 1963, Hugh Gaitskell, mwenye kuongoza Labour, akakufa. Harold Wilson akachukua nafasi yake na mu 1964 akakuwa Waziri wa Kwanza. Wengi walisema: kama Robens angengoja, kile kiti kingeweza kuwa chake. Hatujui. Yeye alikuwa tayari ku kazi ingine.

Mukubwa wa makaa

Migodi ya makaa ya Uingereza ilichukuliwa na serikali tarehe 1 Januari 1947 na kuwekwa chini ya shirika moja, National Coal Board. (Union Minière ya kwetu ilipata ile ile miaka 20 kisha.) Prezidenti wa shirika, sisi tungesema PDG, alikuwa na watu wengi kuliko majeshi ya inchi nyingi. Wakati Robens aliingia mu 1961, walikuwa wachimbaji 583,000 mu migodi 698. Mushahara wake ulikuwa pauni 10,000 ku mwaka. Alikuwa na motokari ya Daimler yenye plake ya NCB 1, ndege ndogo ya viti sita ya kumupeleka ku migodi ya mbali, na nyumba ya shirika mu Eaton Square, kati ya matajiri wa London. Watu wakamupa jina la Mufalme muzee wa makaa. Inaonekana halikumuchukiza.

Lakini hakukuwa mutu wa kukaa mu ofisi akinywa chai. Alishuka mu migodi. Alikula mu kantini na wachimbaji, akauliza maswali, akabishana nao. Na kazi yenye alipewa ilikuwa chungu. Mafuta ya petroli yalikuwa yanaingia kwa bei ya chini, treni ziliacha kutumia makaa, serikali ilijenga viwanda vya umeme vya nguvu za atome, na kisha gazi ikapatikana chini ya Bahari ya Kaskazini. Nani tena angenunua makaa yote? Robens alipigana na mawaziri juu ya makaa, mu mikutano na mu magazeti, mupaka wengine wao walichoka kumusikia. Na wakati ule ule alikuwa anafunga migodi. Wakati aliondoka mu 1971, ilibaki migodi 292 na watu 283,000.

Hesabu mwenyewe: watu 300,000 walitoka ku makaa mu miaka kumi, na hakukukuwa hata mugomo moja wa inchi nzima. Wengine walihamishwa ku migodi yenye ingali na maisha. Wengine walipata kazi mu viwanda, sababu kazi zilikuwa zinapatikana mu miaka ile. Mashini mupya ziliingia chini, na mu 1966 shirika na sendika walipatana kwamba watu wa mashini watalipwa kwa siku, mushahara unaoelekea kulingana mu inchi yote, pahali pa kuhesabia kila mutu tani zake. Robens alijua lugha ya sendika, ilikuwa lugha yake ya ujana. Aliposema "tutafunga", walimukasirikia, lakini walimusikiliza. Mugomo wa inchi nzima ulikuja mu 1972, wakati alikuwa amekwisha kuondoka. Kama hadizi yake ingeishia hapa, tungesema ni mutu mwenye alibeba muzigo muzito vizuri kuliko wengi.

Siku ya tano, saa tatu na robo

Aberfan ni kijiji katika bonde la muto Taff, kusini ya Wales, karibu na muji wa Merthyr Tydfil. Kilikuwa kinaishi kwa mugodi wa Merthyr Vale, wenye ulianza kutoa makaa mu miaka ya 1870. Bonde ni jembamba. Nyumba, masomo na kanisa viko chini, na takataka za mugodi zilikuwa zinapandishwa juu ku mulima, ngambo ya kijiji. Kulikuwa terili saba. Ile ya 7 ilianzishwa mu 1958, wakaiweka juu ya chemuchemu za maji.

Siku ya tano, tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, watumikaji wa terili walipanda juu wakakuta kichwa cha terili ya 7 kimezama. Hakukukuwa telefone kule, sababu wezi walikuwa wanakata kamba yake. Wakatuma mutu ashuke kwa miguu. Akarudi na jibu: muache kumwanga leo, tutatafuta pahali pengine juma lenye kuja. Juu kulikuwa jua. Chini mu bonde kulikuwa ukungu mzito, hata mutu hakuona terili.

Ku masomo ya Pantglas ilikuwa siku ya mwisho mbele ya mapumuziko mafupi. Watoto wangetoka saa sita. Walikuwa wameingia mu vyumba. Ku saa tatu na robo terili ikatembea. Wenye kupona walisema walisikia kelele sawa ya ndege yenye kuanguka. Matope meusi yaliteremuka mulima, yakavunja masomo na nyumba za jirani, kisha yakasimama na kukauka sawa simenti.

Wachimbaji walipandishwa kutoka chini ya mugodi na taa zao ku kofia. Walichimba sawa vile wao tu wanajua kuchimba. Mara kwa mara filimbi ilipigwa na watu wote walinyamaza, wakasikilize kama sauti ya mutoto inatoka. Mama moja mwenye alikuwa anakusanya feza ya chakula cha watoto alilala juu ya watano akawafunika kwa mwili wake. Wale watano walipona, yeye alikufa. Kisha ya saa tano ya asubuhi hakutoka tena mutu mwenye uhai. Wafu walikuwa 144. Kati yao watoto 116, wengi wa miaka 7 mupaka 10, na walimu watano. Miili ilipelekwa mu kanisa la Bethania, na wazazi walipanga mustari inje, wakingoja kuingia kutambua wao.

Mukubwa alikuwa wapi?

Ile siku Lord Robens alikuwa na sherehe. Universite mupya ya Surrey, kusini ya London, ilikuwa inamuvika kanzu ya kuwa chanselie wake wa kwanza. Alipata habari ya Aberfan, na akaendelea na sherehe. Alifika kijijini siku yenye kufuata, mangaribi. Wakati ule, watu wa shirika walimuambia waziri wa Wales, Cledwyn Hughes, kwamba Robens mwenyewe alikuwa anaongoza kazi ya kuokoa watu. Haikukuwa kweli.

Wengine wanamutetea: kule kulikuwa wenye kujua kuchimba, PDG angefanya nini na koti yake? Neno hilo lina maana kidogo. Lakini kila mutu wa migodi anajua kwamba wakati musiba unaingia mu site, watu hawangojee mukubwa juu ya nguvu za mikono yake.

Na wakati alifika, alisema neno lenye liliharibu zaidi. Aliambia waandikaji wa habari kwamba terili ilisukumwa na chemuchemu za maji zenye hakuna mutu alizijua. Watu wa Aberfan walisikia vile wakashangaa. Zile chemuchemu zilikuwa ku ramani. Watoto walikuwa wanacheza ndani yao.

Kumbe kulikuwa maonyo mengi kuliko maji. Mu 1939, terili ya Cilfynydd, mu bonde ile ile, iliteremuka mupaka chini, na enjenyere moja aliandika maelezo juu ya namna ya kuzuia ile. Mu 1963, enjenyere wa baraza la Merthyr aliandikia shirika barua juu ya hatari ya matope yenye kumwangwa nyuma ya masomo ya Pantglas. Kichwa cha barua kilisema vile wazi. Mu mwaka ule ule terili ya 7 iliteleza kidogo. Makaratasi yalipita kutoka meza hii mupaka meza ile. 

Terili haikukuwa na mwenyewe

Serikali ilifungua tribinali ya uchunguzi, chini ya muamuzi Edmund Davies, mwenye alizaliwa mu Mountain Ash, bonde ya jirani. Ilikaa siku 76 na kusikiliza watu 136. Shirika lilibisha karibu mupaka mwisho, kwamba hakuna mutu angeweza kuona hatari ile mbele. Robens mwenyewe hakuja ku mwanzo. Alipokuja, siku za mwisho, alikubali mbele ya tribinali kwamba kosa lilikuwa la shirika. Neno lile moja, kama lingesemwa ku siku ya kwanza, lingepunguza sana kazi ya tribinali, na muamuzi aliandika vile bila kuficha. Wazazi walikuwa wamekaa mule mule, miezi, wakisikiliza maavoka wakibishana juu ya matope.

Ripoti ilitoka tarehe 3 Agosti 1967. Ilisema kwamba kosa ni la shirika la makaa. Ilitaja watu tisa wa shirika kwa majina. Haikusema walikuwa na ubaya mu roho. Ilisema hawakujua, hawakufaa kwa ile kazi, na hawakusemezana. Na ilieleza jambo lenye sisi tunaona ni la maana kupita yote: shirika halikuwa na sheria hata moja ya kuongoza terili. Wenye kuchunga chini ya udongo walikuwa maenjenyere wenye elimu ya mawe. Ku terili waliwekwa maenjenyere wa mashini. Wao waliangalia kama krini inatembea vizuri. Kilicho chini ya krini hakikukuwa cha mutu yeyote. Hata sheria ya migodi ya 1954, yenye ilipanga mambo mengi, haikusema karibu neno juu ya terili. Nguzo za chini, hewa, kamba za lifti, yote ilikuwa na fomu yake na sahihi yake, lakini mulima wenye kuangalia masomo haukukuwa na karatasi.

Hakuna mutu alifungwa. Hakuna mutu alipoteza kazi. Robens alipeleka barua ya kuacha kazi. Waziri wa nguvu, Richard Marsh, akaikataa. Miaka mingi kisha, wakati makaratasi ya serikali yalifunguliwa, watafiti Iain McLean na Martin Johnes walieleza kwamba serikali iliogopa kumupoteza, sababu ilihitaji mutu mwenye anaweza kufunga migodi bila vita na sendika. Kipawa chake njo kilimulinda.

Feza

Hapa msomaji atuvumilie, sababu tunashindwa kuandika kwa upole. Shirika lilitoa kwanza pauni 50 kwa kila mutoto, kisha likapandisha mupaka pauni 500. Kumbuka mushahara wa PDG.

Watu wa dunia nzima walikuwa wametuma musaada, zaidi ya pauni 1,700,000, kwa wazazi na kijiji. Sasa juu ya mulima kulibaki terili zingine. Wazazi walisema: ziondoshwe, hatuwezi kuzika watoto na kulala chini ya zile zile. Shirika lilijibu kwamba haziko tena na hatari, na kuziondosha ni feza nyingi. Mu 1968 watu wa Aberfan walipeleka matope ya terili mupaka Cardiff, wakayamwanga mu ofisi ya waziri wa Wales, George Thomas, ili ayaone. Serikali ikakubali kuondosha. Lakini kazi ilihesabiwa pauni 850,000, na 150,000 kati yake zilitoka mu mufuko wa wafiwa. Ni kusema, feza zenye watu walitoa juu ya watoto zilisaidia kulipa deni la mwenye terili.

Sheria ya terili ilitoka mu 1969. Kuanzia pale terili za migodi yenye kutumika zikapata mwenyewe: zilipashwa kuchunguzwa, na kuwa na mutu mwenye kujibu.

Komisyo ya Robens

Sasa inakuja sehemu yenye inashangaza. Mu 1970 Barbara Castle, waziri wa kazi, alitaka kuunda komisyo ya kuchunguza usalama wa watumikaji wote wa inchi, mu viwanda, mashamba, ofisi, kila pahali. Alimuweka nani ku kichwa? Lord Robens. Wengi katika Wales walisikia wakatikisa kichwa.

Komisyo ilitoa ripoti mu 1972. Ilianza na hesabu: kila mwaka watu karibu 1,000 wanakufa ku kazi katika Uingereza, karibu nusu milioni wanaumia, na siku milioni 23 za kazi zinapotea. Kisha ikasema sheria si kidogo, ni nyingi kupita kiasi. Kulikuwa sheria kubwa nyingi na kanuni karibu 500 chini yao, kila moja kwa mashini yake, kwa kiwanda chake, na mainspekteri wa idara mbalimbali wenye hawasemezane. Mutu wa kazi ingine hakulindwa na sheria hata moja. Wakubwa na watumikaji wote walizoea kufikiri kwamba usalama ni kazi ya inspekteri, wa mbali kule, mwenye kuja mara moja ku mwaka.

Robens na wenzake walipindua ile mawazo. Mwenye kuanzisha hatari njo anapashwa kuichunga, pamoja na wale wenye kutumika ndani yake. Kila kampuni iandike mupango wake wa usalama. Watumikaji waulizwe maoni yao, sababu mutu mwenye kushika mashini kila siku anaijua kuliko ofisi. Sheria iwe moja, na mukono moja wa kuisimamia.

Bunge lilipokea ile sheria tarehe 31 Julai 1974, ikiletwa na Michael Foot, depite wa Ebbw Vale, ingine mabonde ya makaa ya Wales. Kuna kipande chake cha tatu chenye mutu wa Aberfan anaweza kusoma mara mbili: mwenye kazi hapashwe kulinda watumikaji wake tu, anapashwa kulinda pia watu wenye hawatumike kwake lakini wanaweza kuumizwa na kazi yake. Jirani. Mupita njia. Mutoto ku dawati.

Sheria ile ilisaidia? Mu 1974 watumikaji 651 walikufa ku kazi; mu miaka hii hesabu kwa mwaka haifike hata 200. Lakini tuseme kweli yote: migodi na viwanda vizito vingi vilifungwa katika miaka ile, na mutu wa ofisi haangukiwe na jiwe. Australia, New Zealand na Malaysia waliandika sheria zao wakifuata njia ile. Wakosoaji wake pia wana neno. Watu wa sendika na wanasheria wengine walisema Robens aliamini kampuni kupita kiasi, na kwamba ukiachia mukubwa ajichunge mwenyewe, mutumikaji mwenye hana sendika hatakuwa na mutu wa kumusemea. Tunaona wana haki kwa sehemu. National Coal Board ya 1966 ilikuwa inajichunga yenyewe ku mambo ya terili, na tumeona.

Je, Aberfan njo ilifundisha Robens mambo yale? Mu 1972 alitoa kitabu juu ya miaka yake kumi ya makaa, na kisha ya makaa aliongoza Vickers, wenye kutengeneza meli na silaha, mupaka 1979, na Johnson Matthey, wenye kusafisha platini na madini ya bei, mupaka 1983. Alikaa pia miaka 15 kati ya madirekteri wa Banki ya Uingereza. Milango yote ilimufungukia. Kule Aberfan jina lake lilibaki na maana yake ya pekee.

Mugodi wa Merthyr Vale ulifungwa mu 1989. Mu 1997 waziri mupya wa Wales, Ron Davies, alirudisha zile pauni 150,000 ku mufuko wa Aberfan, hesabu ile ile, bila faida hata kidogo kwa miaka yenye ilipita. Robens alikuwa angali muzima. Alikufa tarehe 27 Juni 1999, akiwa na miaka 88. Wazazi na watu wa kijiji waliendelea kusema kwamba pauni ya 1968 na pauni ya 1997 haziwezi kununua mukate sawa. Mu 2007 serikali ya Wales iliongeza pauni milioni moja na nusu kwa mufuko wa kutunza makaburi na bustani ya ukumbusho, pahali masomo ya Pantglas yalikuwa.